Hodi ya Mara Moja

Ixelles, Brussels
12 Oktoba 2008

Kaka Chande,

Sikuulizi hali, maana najua utajibu "mzima kama chuma" hata ukiwa umelala na homa. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ya hizi simu zetu. Kila nikipiga, nusu ya maneno inamezwa na upepo, na nusu nyingine tunasema "nzuri, nzuri" mpaka salio linakwisha. Leo nina swali linalotaka karatasi.

Nimeingia mwaka wa mwisho wa chuo cha filamu. Mwezi wa Juni kila mwanafunzi ataonyesha filamu yake fupi mbele ya jopo la walimu, na wazazi na jamaa wanaalikwa. Ikikataliwa, hakuna shahada. Nitabaki na kibarua changu cha Jumamosi, kuwaogesha wazee kule Uccle. Sikidharau, lakini siyo nilichokuja kusomea. Wenzangu wengi wanatengeneza hadithi za mapenzi. Mimi nimewaambia nitatengeneza filamu ya kutisha.

Wa kulaumiwa ni baba. Unamkumbuka alivyokuwa huko Kigoma, mtu wa maneno machache. Siku hizi anaendesha basi linalopita barabara ya Ixelles, na siku ya mapumziko tunakaa naye kutazama filamu za kutisha. Anacheka, Chande. Anacheka mpaka anajifuta machozi. Juzi maiti ilitoka kabatini, mimi na rafiki yangu Kelly tumekumbatiana kama watoto, baba anasema: "Huyu naye! Amejipaka poudre sawa mutoto ya kubatizwa. Bon, arudi mu kabati, watu bakule." Nikamwambia iko siku nitamtisha mimi mwenyewe. Akasema, "Jaribu, maman. Mimi nilishaona mingi."

Sasa nisaidie. Wewe na kaka yako Sudi bado mna kile kibanda cha video pale Mwanga, kile tulichokuwa tunajipenyeza mimi na wewe miaka ile tulipokimbia vita Uvira na kupanga chumba uani kwenu. Watu wengi wameogopa mbele ya macho yako. Ni kitu gani hasa kinachowatisha? Na usinijibu "jini". Majini baba anayacheka.

Dada yako,
Hadassa


Kigoma
20 Novemba 2008

Mtani wangu Hadassa,

Barua yako imefika imekunjamana kama nguo za mkimbizi. Samahani, kama nguo za Mkongo. Mama anakusalimu na anauliza kama huko Ulaya mnapata dagaa, au mnakula majani tu kama sungura.

Swali lako nimetembea nalo siku nyingi. Sudi anasema ni muziki, akaanza kunipigia mlio wa vinanda kwa mdomo. Nikamkumbusha siku spika ilipokufa katikati ya filamu. Hatukuwa na muziki wala mlio wa mlango, picha tupu, na siku hiyo ndiyo mwanaume mzima aliomba tuwashe taa. Sudi akaacha vinanda vyake.

Nikwambie ninachokijua. Mimi sitazami filamu tena, nimezichoka. Nakaa kwenye kigoda kando ya televisheni, nimewageukia watu. Zamani ilikuwa ni kwa sababu ya wale wanaoingia kwa mlango wa nyuma, unawajua, wewe ulikuwa mmoja wao. Lakini nimebaki hapo kwa sababu nyingine. Natazama miguu.

Jini likikaribia kutokea, watu wanapandisha miguu, Hadassa. Hakuna anayewaambia. Anaanza mmoja, anavua ndala polepole na kukunja magoti, kisha wa pembeni yake, kisha benchi zima, kama vile maji yanajaa chumbani. Hapo kwenye kioo hakuna kitu. Ni mwanamke anaosha vyombo, au mtu anafunga kamba za viatu. Halafu jini linatokea, wanapiga kelele, wanacheka, wanapigana vikumbo, na miguu inashuka chini. Yaani jini ndilo linalowatoa woga! Nimeona hivyo mara nyingi na bado nashangaa kila mara. Watu wazima, wavuvi wa usiku, wabeba mizigo wa stesheni, wote wanaogopa sakafu ya kibanda changu kwa sababu ya mwanamke anayeosha vyombo.

Sijui kama hilo linakusaidia. Nimelisema kwa sababu sijawahi kumwambia mtu.

Kaka yako,
Chande


Ixelles
18 Januari 2009

Chande wangu,

Miguu! Niliisoma barua yako ndani ya basi nikapitiliza kituo changu. Wiki hiyo hiyo nikaingia sinema nikakaa mstari wa mbele, nimegeuza shingo kuwatazama watu. Wazungu hawapandishi miguu, wanapandisha mikoba. Mkoba uliokuwa sakafuni unapanda magotini, kutoka magotini unapanda tumboni, kisha skafu, kisha koti, mpaka mtu amejijengea ukuta. Na kama ulivyosema, hapo hakuna kilichotokea bado. Mwanamke mmoja aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia nasoma. Si uongo.

Basi filamu yangu imepatikana. Nimeweka DVD ndani ya bahasha hii uionyeshe kibandani, lakini kwanza nikusimulie. Ni jikoni, kwenye ghorofa kama hizi za Matonge, mtaa wetu Wakongo wa hapa, jua linakaribia kuzama. Mwanamke anakanda unga wa maandazi, ameupa mlango mgongo, anaimba kwa sauti ya chini. Uso wake hatuuoni hata mara moja. Mlango umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Nje kuna sauti inasema "Hodi." Mara moja tu. Mwanamke anajipangusa, anasema "Karibu," bila kugeuka. Na hakuna anayeingia. Anaendelea kukanda, mwanga unafifia, filamu inakwisha.

Unajua tulivyofundishwa sote, kwetu na kwenu. Jioni, sauti usiyoijua ikipiga hodi mara moja, usiitike. Binadamu mwenye shida atarudia. Kisichorudia kilikuwa kinataka neno lako tu.

Kelly ndiye aliyekuwa acheze, lakini kila sauti ikiita alikuwa anaangua kicheko. Ikabidi nikae mwenyewe mbele ya unga, na mwenzangu Arnaud akashika kamera. Sauti ya hodi ni ya Kelly, tumeishusha kwa mashine mpaka huwezi kusema ni ya mwanaume au ya mwanamke.

Nikawaonyesha walimu. Walitazama mpaka mwisho kwa adabu, kisha mwalimu wetu wa uhariri akauliza: "Sasa anaingia saa ngapi?" Nikasema ameshaingia, alikaribishwa. Wakatazamana. Nikawaeleza hodi ni nini, maana Kifaransa hakina hodi, kina kengele. Waliielewa kwa kichwa. Mikoba yao ilibaki sakafuni. Wameniambia niongeze kivuli mlangoni, au kipande chote kitolewe.

Ionyeshe, Chande. Niambie ukweli, hata kama watalala kibandani.

Hadassa


Kigoma
2 Machi 2009

Hadassa,

Leo sina utani.

Tumeionyesha Jumapili alasiri, kabla ya ile ya mapigano, kibanda kimejaa. Mwanzoni walikuwa wanaongea tu, mmoja anauliza huyu mama anapika au anatupotezea muda. Kisha sauti ikaita. Wewe ulikuwa mtoto wa pale, unajua makelele yetu. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Mwanamke akasema karibu, na nikasikia watu wanavuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Miguu ikapanda, yote, hadi ya Sudi, ambaye anajiita simba. Nikangoja ishuke. Haikushuka! Hakuna kilichotokea cha kuishusha. Filamu ilipokwisha walibaki vile vile wameikumbatia, wanatazama kioo cheusi, halafu wanatazama mlango wetu.

Na hapo hapo, sikudanganyi, mama muuza vitumbua akaja kuchukua beseni lake, akasema mlangoni, "Hodi!" Kibanda kizima, Hadassa, hakuna aliyeitika. Watu wazima wamejaa humo, wamefumba midomo. Akasema tena, "Hodi jamani, mmekufa?" Ndipo mtu mmoja akacheka, na wote tukapata kushusha miguu. Nimewaza jambo hili tangu Jumapili.

Sasa lililobaki. Ulinieleza juu ya unga na mlango na Kelly, hukunieleza kwamba yule ni mama yako. Ulidhani sitamjua? Anavyojipangusa jasho kwa mgongo wa mkono, na mkono wenyewe bado una unga. Hakuna mwingine aliyekuwa anafanya vile. Sudi alinishika bega gizani akasema, "Mama Hadassa."

Mimi na wewe tulikuwa uani siku ile tunacheza kombolela. Tuliisikia hodi, wote wawili, na hatukumwona mtu. Mama yako akaitika, akageuka, akacheka peke yake. Kabla masika haijaisha tukamzika. Hospitali walisema malaria, na mimi naiamini hospitali. Lakini baba yako tangu msiba ule hakusema tena karibu. Mtu akipiga hodi alikuwa anainuka mwenyewe, anakwenda mlangoni, anatazama, ndipo anamshika mkono na kumwingiza kimya kimya. Mpaka mnapanda ndege kwenda Ulaya sikumsikia akilitamka.

Je, anajua unachotengeneza? Mwambie kabla ya Juni. Usimwache mzee akutane na mkewe mbele ya watu.

Chande


Ixelles
3 Aprili 2009

Chande,

Hajui, na sitamwambia.

Mpaka leo anashuka ghorofa zote kwenda kutazama aliyebonyeza kengele. Kanisani wanasema ana majivuno, hakaribishi watu. Mimi ndiye ninayekimbilia mlangoni kusema karibu badala yake, tangu nikiwa msichana. Hatujawahi kulizungumza. Nitaanzia wapi? "Baba, ile jioni nimeifanya mtihani"?

Nimetengeneza filamu ya pili. Ni ile ile, ila baada ya karibu kuna kivuli kirefu kinaingia, na mlango unalia. Walimu wameipenda. Inatisha kidogo kwa namna wanayoijua, na baba akiiona atacheka, atasema kivuli kina miguu ya korongo. Kila mtu atarudi nyumbani salama na mimi nitapata shahada yangu. Ukiniuliza kama ni nzuri, nitakwambia ni uongo. Sikuona kivuli siku ile. Wewe uliona?

Lakini nimeshakata kauli. Nitapeleka yenye kivuli. Tafadhali usinihubirie.

H.


Ixelles, Brussels
10 Mei 2009

Kwa mtoto wangu Chande,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Msalimie mama yako, sijasahau wema wake wa kutupa chumba wakati hatukuwa na kitu.

Barua yako niliipata kazini, kama ulivyotaka, ili Hadassa asiione. Nimeisoma peke yangu kituo cha mwisho, basi likiwa tupu. Umenieleza filamu zake mbili, yenye kivuli na isiyo na kivuli, na umeniomba nisiende, nitafute udhuru wa kazi. Umeniheshimu kama mzazi, asante. Lakini nitakwenda.

Umeniuliza kwa nini mimi nacheka filamu hizo. Ni kwa sababu zinaonyesha. Mtu anakuja na kisu, unamuona anakuja. Kitu ninachokiona, hata mimi dereva najua kukikanyagia breki. Bon. Jioni ile ya mke wangu Antoinette sikuiona. Nilikuwa bandarini kubeba mifuko. Nilirudi nikamkuta anakaanga maandazi, akanisimulia huku anacheka, "Kuna mtu amepiga hodi akakimbia." Mimi nikacheka naye. Ndiyo hayo tu niliyo nayo.

Kwa hiyo miaka yote hii naitengeneza mwenyewe. Mara namwona amevaa kitenge cha bluu, mara cha manjano. Mara mlango uko wazi, mara umefungwa na unafunguka. Mara analia. Mara sauti ile inajua jina lake. Kila nikiitengeneza inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Nasimamisha basi, napandisha watu, nashusha watu, na kichwani nipo pale mlangoni. Hakuna filamu ya duka iliyonifanya hivyo.

Watoto wawili waliokuwa uani ndio waliosikia, na mmoja ameweza kuionyesha. Mimi nataka kuiona mara moja jinsi ilivyokuwa. Naogopa sana, Chande, sikufichi. Akiweka kivuli nitacheka, ndiyo tabia yangu, na sitaki kumcheka Antoinette.

Mwambie asikiweke. Hapana, usimwambie kitu. Aamue mwenyewe, ni kazi yake.

Na je, ni kweli kwamba kibandani watu wote walinyamaza?

Wako,
Papa Jean-Baptiste


Ixelles
28 Juni 2009

Kaka yangu Chande,

Ujumbe wako wa simu uliniingia nikiwa nimekaa na Arnaud kwenye kijumba cha kuonyeshea filamu, DVD mbili mapajani. "Baba anajua yote. Anakuja. Usiweke kivuli." Kwanza nilikukasirikia, nikakutukana kwa Kiswahili mpaka Arnaud akauliza kama kuna mtu amefariki. Kumbe mnaandikiana, mnanizunguka kama samaki wavuni! Kisha nikachungulia ukumbini kupitia kidirisha.

Alikuwa ameshafika. Suti yake ya kanisani, kofia magotini, mstari wa tatu katikati ya Wazungu asiowajua. Na hakuja peke yake. Maman Rolande wa kanisani kwetu na kwaya nzima ya akina mama walichelewa, kwa hiyo hawakupata kukaa pamoja, wakajipenyeza mmoja hapa mmoja kule, vitenge kati ya makoti. Baba hakugeuka kumtafuta mtu. Alikuwa anatazama pazia jeupe kama anavyotazama barabara ikiwa na mvua.

Nikazitoa DVD zote mbili kwenye makasha. Arnaud akaniuliza, ipi? Nikamwonyesha isiyo na kivuli. Akasema, "Watakunyima." Nikasema, weka.

Mwanamke akaanza kukanda. Nilikuwa nimeutazama mgongo ule mara nyingi, ni mgongo wangu, najua mpaka uzi uliotoka kwenye blauzi. Lakini siku hiyo sikujiona. Niliuona wa mama. Anaimba, anakunja unga, anageuza, anapiga, na maman mmoja ukumbini akaanza kuitikia ule wimbo kwa pua, taratibu, bila kujijua. Wazungu wakatulia. Wengine walitabasamu, waliona ni picha nzuri ya jioni.

Halafu sauti. "Hodi."

Unakumbuka nilimpa nafasi ndogo ya kujipangusa kabla hajaitika. Nafasi ya pumzi mbili. Katika pumzi hizo baba alisimama. Kofia ikaanguka. Mtu ambaye hakuwahi kuogopa filamu hata moja alinyoosha mkono kuelekea pazia akapaza sauti, sauti ambayo sikuijua kwamba anayo:

"Antoinette, usiitike! Ngoja, chérie, niko nakuya! Usiitike!"

Na mwanamke akasema, "Karibu."

Chande, sijui nikuelezeje. Wewe ulipata kimya cha kibanda chako. Mimi niliwaona watu ambao hawajui neno moja la Kiswahili, hawajui hodi ni nini, hawajui usiitike ni nini, wakaganda kama waliosikia kengele ya moto. Mikoba ikapanda kifuani. Mwalimu wa uhariri, yule wa "anaingia saa ngapi", alijishika mikono akaanza kuisugua. Akina mama wa kwaya walisema "Yesu" kwa pamoja, kutoka kila pembe, kama ukumbi wenyewe ndio umesema. Na kwenye pazia hakuna kitu. Mwanamke anakanda. Mlango mtupu. Mwanga unapungua, anaendelea kuimba. Nywele zilinisimama kwa kazi yangu mwenyewe. Nilikuwa najua kila kitu kilichomo na nikaogopa, nikastaajabu, nikamwomba Mungu taa ziwake.

Taa zikawaka. Hakuna aliyepiga makofi. Wageni wote walikuwa wanamtazama baba, na baba bado amesimama.

Mwalimu akanijia. Akauliza yule bwana alisema nini. Nikamtafsiria: "Amemwambia asijibu." Akauliza, "Anamjua?" Nikasema, "Ni mkewe." Hakuniuliza tena habari za kivuli. Shahada nimepata, nakwambia hapa ili mama yako asisubiri, lakini siku ile nilisahau kuuliza matokeo mpaka Kelly alipokuja kuniambia.

Watu walitoka. Nilishuka kwenda kwa baba nikiwa nimejiandaa kwa lolote, anipige kofi, anyamaze miaka. Alikuwa ameketi. Maman Rolande alikuwa amemwokotea kofia na kuondoka bila kusema neno, Mungu ambariki. Nikakaa kando yake. Nilianza, "Baba, nisamehe." Akaniwekea kidole mdomoni, kama mtu anayesikiliza.

"Alikuwa anaimba?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, baba.

"Siku ile? Yeye mwenyewe? Haukuongeza wewe?"

Nikamwambia sikuongeza. Alikuwa anaimba ule wimbo wa mavuno ya Uvira, na aliukosea maneno pale pale anapoyakosea siku zote, na mimi na Chande uani tulikuwa tunamcheka.

Uso wake ulikuwa umelowa na hakuuficha. Akasema, "Miaka yote namuonaga analia. Sikuyuwa kama alikuwa anaimba." Kisha: "Ile machine, inaweza kurudisha nyuma?"

Inaweza, nikamwambia.

"Bon. Unirudishie. Lakini usimamishe mbele ya ile sauti. Muache akande."

Nikapanda kwa Arnaud. Alikuwa anakunja nyaya, nikamwambia bado. Tukazima taa za ukumbi. Baba peke yake kwenye mstari wa tatu, na mama mbele yake, mkubwa kama ukuta, mikono kwenye unga, anaimba na kukosea maneno. Nilikuwa nimeshika kitufe, naogopa kuchelewa. Nikabonyeza. Mama akasimama hapo alipo, mkono hewani, mlango wazi nyuma yake, na hakuna aliyeita.

Baba alimtazama. Sijui kwa muda gani, hatukuhesabu. Nyuma yangu Arnaud, ambaye haelewi neno, alikuwa anapenga kamasi.

"Tena," baba akasema.

Nikairudisha.

Dada yako,
Hadassa